Siku Nilipomfichia Polisi Viatu

Leo nacheka, lakini siku ile wallahi ningepata shimo ningejifukia, maana mtu mzima na mvi zangu kusimama mlangoni na upawa mkononi, namzuia polisi wa Kiingereza asitoke, na yeye yuko na soksi tu, si jambo la kuhadithia watu.

Ilikuwa hivi. Mke wangu amefariki, binti yetu kaolewa Manchester (akipiga simu mie nasema Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, tunakwenda hivyo hivyo), nami nimebaki na fleti yangu ya Thornton Heath na redio. Kazini kuna Mzungu mmoja, Ken, kila Jumapili huenda mashamba na wenzake kupiga bunduki, si wanyama, visahani vya udongo vinavyorushwa juu, kisha hukaa wakanywa chai na kutaniana mpaka jioni. Aliponikaribisha nilikubali kabla hajamaliza kusema. Bunduki yenyewe sina haja nayo, mie nilitaka ile chai.

Lakini kwenye klabu yao kila mtu ana bunduki yake, na bunduki lazima leseni, na kabla ya leseni polisi anakuja nyumbani kukutazama wewe ni mtu wa namna gani, una hasira au huna. Basi niliposikia kuna mtu anakuja kwangu (kwangu! mara ya mwisho alikuja fundi bomba), nikaamua kupika biriani. Hapo ndipo nilipojiponza.

Kaja kijana mpole, kavua viatu mlangoni bila ya kuambiwa, nikampenda. Akaniuliza, "Ukigombana na mtu unafanyaje?"

"Mie? Mie mtu wa Unguja, hata nzi namwomba samahani."

Akacheka, akaandika, mambo yanakwenda vizuri. Alipofunga begi lake nikamwambia chakula tayari. Akasema ahsante, haruhusiwi kula kwa watu anaowakagua. Nikamsihi, akakataa. Maji je? Hata maji akakataa! Kwetu mgeni anayetaka kuondoka na njaa hufichiwa viatu, ndiyo mapenzi yenyewe hayo, basi nikavichukua viatu vyake nikavitia ndani ya oveni (haikuwa na moto, sikuwa mwendawazimu kiasi hicho). Yeye akafungua mlango, akawa anavitafuta nje.

"Bwana, naomba viatu vyangu."

"Kula kwanza."

"Naomba viatu."

"Nimeamka alfajiri nakupikia, halafu unanidharau nyumbani kwangu? Hutoki!"

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, nimeziba mlango, upawa uko juu, na majirani wakaanza kuchungulia ngazini.

Yule kijana hakupandisha sauti. Alirudi nyuma kidogo, akafungua viganja vyake, akasema polepole, "Sawa. Hakuna anayekudharau. Weka hicho chini, tuzungumze." Nikaweka. Akaniuliza, "Ukipandwa na hasira hivi, nani hukutuliza?"

Nikafungua mdomo nitaje mtu. Likanijia jina la marehemu mke wangu tu, nikalimeza, na machozi yakanitoka mbele ya majirani wote.

Leseni sikupata, na simlaumu. Ningekuwa yeye nami nisingejipa. Ken aliponiuliza nikasema mgongo unaniuma. Biriani niliila peke yangu mpaka ikachacha.

Nimeapa sitamzuia mgeni tena maishani. Akisema anaondoka, nitamfungulia mlango mwenyewe na kumwombea dua njema. Mpaka leo hajaja mtu.