Nilivyoisingizia Salfa

Waislamu kwa Wakristo mliofika hapa zahanati, nawasalimu nikiwa nimekaa. Kusimama na kusema kwa pamoja bado kunanishinda. Naitwa Somoe, wengi mnaniita Mama Zuhura. Nikianza kukohoa, nisubirini kidogo.

Nyumba yetu ipo hapa Nachingwea, kando ya tuta la reli ya zamani iliyobeba karanga. Reli yenyewe iling'olewa kabla sijazaliwa. Sasa tuta ndiyo njia ya malori yanayokwenda ghalani kupakia ufuta na korosho. Msimu ukifika yanapanga foleni mpaka mlangoni kwangu, injini zinanguruma kutwa, maana dereva akizima anaogopa betri itamgomea. Mimi nilikuwa nafurahi. Foleni ikiwa ndefu, chapati zangu zinaisha. Nilikuwa mnene, na nikicheka mnanisikia mpaka sokoni.

Kikohozi kilinianza wakati wa kupuliza mikorosho, ufuta nao unapakiwa. Mnajua wenyewe, huku kwetu mtu akikohoa msimu huo hakuna anayeuliza. Ni salfa tu, ule unga tunaopulizia mikorosho. Mume wangu Hamisi alikuwa akirudi kutoka shambani, njia ya Ruangwa, ana unga wa njano mpaka kwenye kope. Akaniambia, "Mama Zuhura, shambani usije tena. Hii salfa itakuua. Kaa nyumbani upumzike."

Nikakaa. Nikapumzika palepale mbele ya malori, asubuhi mpaka jioni. Hamisi nikamkataza kuingia ndani kabla hajaoga. Maskini, alioga maji ya baridi kila siku, na mimi nikazidi kukohoa.

Makohozi yakawa meusi kama masizi ya sufuria. Kifua kikaanza kupiga filimbi. Nilishindwa kulala chali. Nikikohoa sana mkojo ulinitoka, na niliona aibu kwa Zuhura, binti yangu, aliyekuwa akinifulia khanga. Nikakonda. Watu wakanong'ona TB, wengine wakanong'ona mengine.

Msimu wa korosho, malori yamejaa, nikaanguka jikoni. Nilivuta pumzi, haikutosha. Hamisi alinipandisha bodaboda, nimebanwa katikati yake na dereva. Nilijua nakufa, na niliogopa sana.

Hospitali waliniwekea oksijeni, wakanipa dawa ya mvuke. Walipima makohozi, TB hakuna. Daktari, binti mdogo tu, akauliza tunadhani ni nini.

"Ni salfa," Hamisi akajibu.

"Si mmemaliza kupuliza zamani? Mbona bado anakohoa?"

Hamisi akahesabu miezi kwa vidole.

"Mlangoni kwenu kuna nini?" daktari akauliza.

"Malori," nikasema.

Akatueleza kwamba moshi wa dizeli na vumbi vimeniumiza mapafu, na kuni za chapati zimeongezea. Hayatarudi kama zamani, ila dawa ya kuvuta itanisaidia. "Na uhame kwenye moshi, mama."

"Nihamie wapi?"

Akaniandikia dawa. Sikumlaumu.

Nilikaa kwa dada yangu, kule Mbwemkuru, mpaka nikaweza kwenda kisimani mwenyewe. Kule nilipumua jamani! Lakini nyumba yangu ipo tutani, na watoto wangu wapo huko. Nikarudi.

Tulikwenda ghalani, mimi na majirani. Tukaomba malori yasubiri nje ya mji, yaitwe moja moja, na njia imwagiwe maji. Msimamizi alitusikiliza vizuri, akatupa na soda. Foleni ipo palepale. Sasa nasikia watu wanasema treni ya mizigo itarudi, wanashangilia. Mimi najiuliza moshi wake utapita mlangoni kwa nani, na nani atakuja kutuuliza.

Namshukuru Mungu kwamba nipo. Namshukuru Hamisi, siku hizi anaoga maji ya moto. Nanyi mkikohoa msiseme salfa mkaishia hapo. Mwambieni daktari na kile kinachonguruma mlangoni kwenu. Chapati nimeacha, na dawa yangu ya kuvuta ipo hapa kwenye pindo la khanga, siiachi.

Jana nilimwomba dereva mmoja azime injini. Akaniambia, "Mama, nikizima mimi, na hao wengine?" Lakini akazima. Nyuma yake foleni nzima ilikuwa inanguruma. Nikamshukuru, nikaingia ndani, nikafunga dirisha.