Ukuta wa Mbele

Siku ya tatu baada ya kuolewa nilimdanganya mama mkwe wangu. Aliniuliza kama najua kusiliba nyumba, nikamjibu bila kupepesa macho kwamba najua sana.

Ilikuwa Desemba, huko Musanda, ile miaka ambayo pesa za miwa zilikuwa zimewapandisha watu mabega. Mtu akilipwa alinunua redio, kisha akaipitisha barabarani ikiwa imefunguliwa hadi mwisho ili na sisi tufaidi. Trekta zilipita mchana kutwa zikidondosha miwa, na karibu kila boma lilikuwa na mabati mapya. Lakini chini ya mabati hayo kuta zilikuwa bado za udongo, na kila Krismasi wanawake walizisiliba upya. Walikanda matope na mavi ya ng'ombe na jivu, wakapaka kwa viganja, halafu wakatia udongo wa rangi: mweusi chini, mwekundu katikati, mweupe wa kuchorea maua. Krismasi bila kusiliba ilikuwa sawa na kuvaa gauni jipya bila kuoga.

Mama mkwe, ambaye nilimwita Mama tu, alikuwa mjane. Hakuwa na redio wala ng'ombe wengi. Alikuwa na ukuta wa mbele. Baada ya ibada ya Krismasi wanawake wa kwaya walizunguka nyumba kwa nyumba wakiimba na kunywa chai, na kazi yao nyingine, ambayo hakuna aliyeitaja, ilikuwa kukagua kuta za watu. Kwa Mama walifika na kunyamaza kwanza, wakatazama, ndipo wakaimba. Sifa hiyo ilimtosha mwaka mzima. Mwaka ule sasa aliteleza akitoka mtoni na maji, akavunjika mkono wa kulia, wakamfunga plasta hadi kwenye kiwiko.

Mimi nami nilizaliwa kwenye kwota za kiwanda cha sukari. Baba alikuwa fundi wa mitambo, na nyumba zetu zilikuwa za matofali, zikipakwa rangi na watu wa kampuni. Mavi ya ng'ombe sikuwa nimeyashika hata siku moja. Lakini nilikuwa nimeshasikia wanawake kisimani wakisema kwamba huyu msichana wa kwota ataletewa chai kitandani. Nina kiburi, sikatai, na hasira zangu ziko karibu. Nikaapa kwamba watanyamaza wenyewe.

"Mtoto yangu, unajuanga kusiliba?" Mama aliniuliza. Alinisemesha Kiswahili kwa sababu Kiluhya changu cha kwota kilimchekesha.

"Najua, Mama."

"Hata ile ya maua?"

"Hata ya maua."

Akaniangalia kidogo. "Haya. Basi ukuta ya mbele ni yako mwaka hii."

Kesho yake jirani alikuja kunisaidia nikamfukuza kwa adabu, maana angegundua. Nilikanda peke yangu. Udongo nilitia mwingi, mavi nikatia kidogo, kwa sababu ya harufu, na jivu sikutia kabisa, kwani nilidhani lile limewekwa pale la kusugulia sufuria. Nikapaka tabaka nene, nikijiambia kwamba unene ndio uzuri. Kabla halijakauka nikachora maua yangu meupe. Jioni nilisimama mbali, mikono kiunoni, na kusema kweli ukuta ule ulipendeza. Mume wangu, dereva wa trekta la miwa, alirudi kazini akasimama hapo na vumbi lake lote.

"Kumbe hata kwota mnasilibanga!"

Nikazipokea sifa zote, sikubakisha hata moja.

Siku mbili kabla ya Krismasi jua liliwaka kama lililotumwa. Ufa wa kwanza ulianzia chini ya dirisha, mwembamba kama uzi. Kufikia saa sita ukuta mzima ulikuwa umepasuka, na kipande cha ukubwa wa sahani kikaanguka mbele ya macho yangu pamoja na ua lake. Nilikilowesha maji nikakibandika tena. Kikaanguka tena, safari hii kikavunjika. Mama alikuwa amekaa kivulini akichagua mchele kwa mkono wa kushoto. Aliona yote. Aliniomba maji ya kunywa tu, akanywa, akaendelea na mchele wake. Heri angenifokea, maana mtu akinifokea najua la kujibu. Usiku nilimlilia mume wangu, naye akasema ni ukuta tu. Mwanamume hawezi kuelewa mambo haya.

Hata hivyo Krismasi ilikuja, na ilikuja vizuri. Chapati zilirundikana hadi sinia likajaa, ingokho wawili, kuku wa kienyeji, walichemka jikoni, na jirani yetu Mwislamu, muuza nguo, alituletea mahamri ya moto, kama Mama alivyompelekea yeye sukari siku ya Idi. Tulifunga matawi ya msonobari mlangoni na karatasi za rangi juu yake. Nilifunika mabaka makubwa kwa matawi kadiri nilivyoweza. Mabaka yalikuwa mengi kuliko matawi.

Wanawake wa kwaya walifika mchana, wote kitambaa kimoja cha kijani, ngoma mbele. Nilikimbilia jikoni kumimina chai. Nikasikia ngoma ikipungua, kisha ikanyamaza, na safari hii hakikuwa kile kimya cha kila mwaka.

"Mama," kiongozi wao akasema polepole, "na ukuta imekuwa nini?"

Niliweka birika chini. Nilijua anachoulizwa ndicho kitu pekee alichokuwa akijivunia mbele ya watu, na mimi ndiye niliyekiharibu.

"Ni mimi," Mama akasema. "Nilisiliba na mkono ya kushoto. Mtanisamehe, mwaka hii ni mbaya."

Akawaacha wakimpa pole, akaingia jikoni kuchukua vikombe. Nilikuwa nimeshaanza kulia.

"Mama, mbona umesema hivyo?"

"Sasa ningesema nini?"

"Ungesema ni mimi. Mimi sijui kusiliba. Nilikudanganya."

"Nilijua. Hiyo siku ya kwanza nilijua." Alikuwa akipanga vikombe kwenye sinia, kimoja kimoja. "Mtu ambaye anajua angeuliza kwanza mavi nimeweka wapi."

"Na ukaniachia ukuta wako?"

"Ukuta tutasiliba tena Januari. Wewe ningekwambia mbele ya watu ati haujui, wiki ya kwanza, ungekaa hapa?"

Ukweli ni kwamba nisingekaa. Ningebeba sanduku langu nirudi kwota siku hiyo hiyo, na kwa hasira zangu nisingegeuka nyuma. Nilimpenda mwanamke yule hapo hapo, na mkono wake wa plasta, kuliko nilivyowahi kumpenda mtu ambaye hakunizaa.

Nikafuta uso kwa leso, nikachukua sinia la chai, nikatoka nalo uani. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wengine bado wanauangalia ukuta kwa huruma. Niliweka sinia chini.

"Mama hajagusa ukuta huu," nikasema. "Ni mimi niliyesiliba. Nilisema najua na sijui. Atakayenifundisha Januari, nitamshukuru."

Kabla hawajafungua midomo, sauti ya Mama ikapaa kutoka jikoni, kali, hadi wapita njia wakasikia:

"Msimsikize huyo! Anataka kuninyang'anya kazi yangu!"