Fundi Viatu Aliyeshika Machela

Fundi viatu wa Bungu hujikwaa kwenye kizingiti kile kile kila asubuhi. Nyundo humpata kidoleni na gundi humwagika, kwa maana pikipiki ikipita macho yake huifuata, mikono ikabaki inakwenda yenyewe. Ndiyo maana Anord alishtuka kumwona akishika mpini wa mbele wa machela, naye Efrazia, mke wa Anord, amelazwa juu yake na uchungu wa kuzaa umemkaza. Mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya kushukia barabarani ilikuwa utelezi mtupu.

“Fundi, nipishe. Utamwangusha.”

“Wewe kaa nyuma, bwana. Ukiwa mbele utageuka kumtazama.”

Kisha fundi akaanza kuiambia miguu yake kwa sauti, kabla haijanyanyuka. “Kulia, jiwe. Kushoto, taratibu. Simama. Mzizi.” Wabebaji wenzake wakakanyaga kama anavyosema, na Anord naye akajikuta anakanyaga hivyo hivyo, mdomo wazi kwa mshangao. Machela ilishuka mlima kama maji yaliyotulia ndani ya mtungi. Barabara ilipoanza kuonekana, fundi akanyamaza ili avute pumzi. Efrazia akatoa mkono ndani ya blanketi.

“Sema, kaka,” akamwambia. “Bado hatujafika.”