Jina Chini ya Kadi ya Vifungo

Tangu ajiunge na klabu ya akina mama wa kanisa lao pale Louisville, Marekani, wanaokusanya vifungo vya nguo vya kale, Yudita alikuwa na hamu moja tu: jina lake liandikwe chini ya kadi ya mashindano, ile inayopangwa vifungo vya klabu na kupelekwa kwa majaji mjini Columbus. Miaka miwili mizima. Akitoka zamu ya ghala alizunguka maduka ya mitumba, akarudi na vifungo bora kuliko vya wenzake wote. Lakini ikifika siku ya kuandika majina, aah, nafasi imekwisha. Yeye akachemshe chai. Ilimkera mno.

Safari hii mwenyekiti, Mama Bulonza, alimkabidhi vifungo thelathini na sita vya shaba avipange kwenye kadi, kwa kuwa mwenyewe alibanwa na kazi ya kutunza wazee. Yudita alifurahi, asionyeshe. Ila alipovitazama aliona haya. Vilikuwa vyeusi, vimefubaa, utadhani vimeokotwa jalalani. Yeye amekulia kambi ya wakimbizi Kasulu, na kule sufuria haitolewi mbele ya mgeni mpaka isuguliwe kwa majivu na limau. Sembuse mbele ya majaji wa Columbus? Akachota majivu kwenye jiko la jirani la kuchomea nyama, akasugua kimoja kimoja siku nzima, hadi vidole vikachubuka. Vikang'aa kweli kweli.

Jumamosi asubuhi, gari likiwa tayari, Mama Bulonza alifunua kadi, akakigusa kifungo kimoja kwa kidole.

“Bon, Yudita,” akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, “ile weusi ilikuwa rangi ya kiwanda, ya miaka mia. Njo ile majaji wanaangaliaka. Sasa umetoa yote.”

Yudita akauliza mbona hakuambiwa. Wenzake walikuwa wameshaanza kumvuta mwenyekiti pembeni, kila mmoja akiomba jina lake lifutwe, asije akaaibika Columbus. Mama Bulonza hakubishana nao. Akabandua karatasi ya majina yao chini ya kadi, akabandika nyingine, akaandika jina moja peke yake kwa herufi kubwa: YUDITA.

Yudita alilitazama kwa hasira.

“Miaka miwili mnaniambia nafasi hakuna,” akasema. “Kumbe ipo.”

Hakuna aliyemtazama usoni. Yudita akapanda kiti cha nyuma, akaipakata kadi yake, akafunga mkanda.