Maji Yaliyopendwa na Ng'ombe

Mwaka ambao kisima chetu kilianza kukauka, mama yangu aliwalaumu ng'ombe. Ng'ombe walipohama na maji yakaendelea kushuka, akamlaumu jirani. Jirani alipomjibu kwa heshima, akanigeukia mimi, kwamba naoga mara nyingi kuliko inavyompasa mtu anayeishi shambani. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Morogoro baada ya ndoa yangu kufika mwisho wake, na kwa maoni yake kuoga sana ni tabia niliyotoka nayo mjini, pamoja na talaka.

Kisima hicho alikichimba marehemu baba kwa sululu na koleo, kwenye shamba letu la tambarare si mbali na Kilangali. Maji yake yalikuwa matamu. Majirani walikuja na ndoo zao na mama hakumnyima mtu, ila kila aliyechota alisikia kwanza hotuba fupi juu ya mikono ya marehemu. Vuli ilipokosekana kabisa, na masika ikapita kama mtu aliyerudi nyumbani kuchukua kitu alichosahau, tukaanza kuunga kamba. Tukaunga tena. Ikafika mahali ndoo ikawa inarudi na tope, na hotuba ikawa nyingi kuliko maji.

Jirani tuliyemlaumu alikuwa mstaafu aliyetoka Dar es Salaam na kununua shamba linalopakana na letu. Alichimba kisima kirefu kwa mashine, akafunga paneli za sola, akapanda matikiti. Wakati mahindi yetu yanajikunja kama karatasi iliyokaribia moto, matikiti yake yalinenepa na kupakiwa kwenye lori kwenda Dumila. Mama alisimama mpakani akiyatazama.

"Yale ni maji yetu," aliniambia. "Anayavuta kwa chini."

Taabu ni kwamba yule bwana alikuwa mdogo kwa mama na alikuwa na adabu. Kila mama alipofunga kitenge vizuri na kwenda kugombana, alipokewa na "Shikamoo mama" kabla hajafungua kinywa. Hakuna njia ya kujibu shikamoo isipokuwa marahaba, na ukishasema marahaba ni vigumu kuanza matusi. Alirudi nyumbani na tikiti.

Hatimaye malalamiko yalipelekwa kwenye mkutano wa kijiji. Mama hakuwa peke yake. Visima vifupi vilikuwa vimeshuka kila mahali, na wenye mashamba walikuja wakiwa wamekasirika. Mtaalamu wa maji aliitwa kutoka mjini. Alieleza kwa upole kwamba maji ya chini si ya mwenye shamba hata kidogo, kwamba kuchimba kunahitaji kibali, na kwamba kujua kama kisima kimoja kinakausha kingine lazima vipimwe vyote kwa miaka. Akauliza kama kuna mtu aliyewahi kupima chake. Watu wakatazamana.

Kisha mzee mmoja wa mstari wa mbele, aliyefika pale kudai visima virefu vipigwe marufuku, akanyoosha mkono.

"Hicho kibali," alisema, "kinapatikana wapi?"

Kuanzia hapo mkutano ulikuwa mtulivu sana. Mama alikuwa miongoni mwa waliobaki nyuma kumwuliza yule mtaalamu maswali zaidi.

Tuliuza ufuta uliokuwa stoo, kaka yangu aliye Dar akachangia, na kibali kilipotoka akaja mpimaji na nyaya zake. Alizitandaza shamba zima, akatazama mashine, akatikisa kichwa, akasogea. Sehemu aliyoipenda ilikuwa pembeni kabisa, kando ya njia ya ng'ombe, pale ambapo mama alikuwa amejenga uzio wa miiba kwa mikono yake ili mifugo isiingie.

"Huku yapo," alisema mpimaji.

"Matamu?" aliuliza mama.

"Mama, mashine haionji."

Mama alilichukua hilo kama mzaha wa kijana aliyesoma.

Siku ya kuchimba walikuja watu wengi. Tulipika pilau, shehe akasoma dua, na mtambo ukanguruma mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Mchana maji yaliruka juu, kwanza ya kijivu, kisha meupe. Wanawake walipiga vigelegele. Mama alikinga kikombe, akanywa mbele ya watu wote. Mimi nilikuwa karibu naye na niliona koo lake likisita. Kisha akameza.

"Alhamdulillahi," alisema. "Maji."

Kikombe kikapita. Shehe alikunywa akafumba macho kwa muda ambao wengine walidhani ni wa ibada. Mwenyekiti wa kijiji alisema ni maji yenye nguvu. Mama mmoja wa kanisani alisema yanafaa sana kwa tumbo. Kila mtu alitusifu, na kila mtu alikwenda nyumbani kwake bila kujaza dumu.

Maji yalikuwa ya chumvi. Si chumvi kali ya bahari, ila ilitosha kuharibu kila kitu kwa kiasi. Chai ilikuwa na ladha ya mchuzi. Sabuni haikutoa povu. Maharage yalikaa jikoni tangu asubuhi na jioni yalikuwa bado yanagonga sufuria kama changarawe. Nilipomwagilia miche yangu ya nyanya, majani yaliungua pembeni yakawa meupe, kisha ikalala yote. Bwana shamba alikuja, akashika udongo, akaniambia nisiendelee kama bado nalihitaji shamba.

Mama hakukubali. Wageni walipokuja aliwapa chai na kuwatazama mpaka wanywe. Lakini kila asubuhi alinipa madumu, akasema bila kunitazama, "Nenda hapo kwa jirani. Usiwaambie watu ni ya kunywa. Sema ya kuku."

Nikaenda kwa mtu tuliyemshitaki mbele ya kijiji kizima. Alinifungulia bomba mwenyewe.

"Kisima chenu kinaendeleaje?" aliuliza.

"Kinatoa maji mengi," nilisema, na huo haukuwa uongo.

"Na kuku hawajambo?"

Sikujua nani alikuwa amemwambia. Nilisema hawajambo.

Hali ilikuwa hivyo mpaka alasiri moja tuliposikia uzio wa miiba ukivunjika. Mama alitoka na fimbo. Kundi la ng'ombe lilikuwa limeingia lote, likazunguka dimbwi lililokuwa likijaa kutoka kwenye tanki la pampu yetu mpya. Mama aliwapiga mgongoni, akawapiga puani, akawataja kwa maneno ambayo sikujua kwamba anayajua. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa. Walikunywa kama watu waliofika harusini wakiwa na njaa.

Mchungaji wao alifika akikimbia, mtu mzima mwenye shuka, aliyejulikana kwetu kwa sura kwa sababu mama alikuwa amemfikisha mara nyingi mbele ya kamati ya usuluhishi wa wakulima na wafugaji, ambayo yeye mwenyewe alikuwa mjumbe wake. Alikuwa na boma upande wa pili wa tambarare. Alisimama mbali kidogo na ile fimbo.

"Nisamehe, mama," alisema. "Upande wa Mikumi tunafukuzwa na askari wa hifadhi. Huku mto umekauka. Nimewavuta warudi, wamenikataa. Wamesikia harufu."

Yule bwana aliinama, akachota kwa kiganja, akanywa. Akachota tena.

"Haya maji matamu sana," alisema. "Yana chumvi."

Nilimwona mama yangu akishusha fimbo. Tangu kisima kichimbwe, huyo alikuwa mtu wa kwanza kukisifu akiwa amekwisha kunywa na bado anataka zaidi.

"Unasema kweli?" aliuliza.

"Sisi ng'ombe tunawanunulia chumvi. Wewe unayo ndani ya maji."

Wiki hiyohiyo mama alimwita fundi akajenga birika la saruji pale uzio ulipokuwa. Walikubaliana kwa maneno tu: ng'ombe wanywe, wapite njia yao na wasiguse mahindi, sisi tupate maziwa asubuhi na samadi ya boma. Niliamini haitadumu. Ilidumu kiangazi chote. Samadi ililainisha hata ile sehemu niliyoichoma kwa chumvi, au angalau tulijiambia hivyo. Mama alianza kuwajua ng'ombe kwa rangi. Alijua yupi anasukuma wenzake, yupi ana mimba, na aliwasema kwa sauti ileile aliyonisemea mimi.

Kwenye kamati ya usuluhishi mambo yaliharibika. Mkulima mmoja wa jirani alileta shauri la ng'ombe kula mtama wake, na mama, ambaye kwa miaka yote alikuwa sauti kali kuliko zote, aliuliza kama mtama ulikuwa na uzio. Watu waliguna. Baadaye waliomba apumzike kidogo kutoka kwenye kamati, kwa kuwa umri umekwenda. Alirudi nyumbani kwa hasira. Alisema hawezi kukaa na watu wanaochukia mifugo.

Karibu na mwisho wa kiangazi, pampu ya jirani ilianza kukohoa. Ilitoa hewa, ikatoa mchanga, ikanyamaza. Matikiti yalibaki madogo kama malimau. Asubuhi moja tulimkuta kwenye kisima cha baba akiwa na ndoo, kwa sababu usiku kucha kisima hicho kilikuwa bado kinakusanya maji kidogo chini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Chota, lakini usikoroge."

"Mama, hivi unadhani ni wewe uliyenikaushia?" Aliuliza kwa utani, lakini si utani mtupu.

"Mtaalamu alisema ni lazima kupima kwa miaka," mama alijibu. Kisha akamsimulia habari za mikono ya marehemu, yote, tangu mwanzo, na yule bwana akasikiliza akiwa ameshika kamba.

Mvua zilikuja, na kama kawaida ya huku kwetu zilikuja zote pamoja. Barabara ya Kilosa ilikatika, mpunga wa watu ukalala, tambarare ikageuka ziwa. Kisima cha baba kilijaa hadi ukaweza kuyaona maji bila kuinama. Watu walitembeleana wakishukuru, wakiahidiana kwamba mwaka huu kila mmoja atapima kisima chake. Mpaka leo sijamwona mtu na kamba ya kupimia.

Mama peke yake alikuwa mnyonge. Alikaa barazani akitazama birika, ambalo sasa vyura walikuwa wamelichukua. Siku ya tatu au ya nne aliniambia nimpigie simu yule mfugaji. Nikampa simu.

"Ng'ombe hawajambo?" aliuliza.

Nilisikia sauti ya yule bwana ikieleza kwa furaha kwamba majani ni mengi, maji yapo kila mahali, ng'ombe hawana haja ya kutembea, hata maziwa yameongezeka.

"Vizuri," alisema mama. "Mungu ashukuriwe." Akanirudishia simu, akanituma nikazime pampu.