Mama Drocella na Mashini Iliyosahau Mwaka

Kule Karuba, ukiuliza ni maharage gani yanavumilia mvua nyingi, utaambiwa nenda kwa Mama Drocella, katibu wa chama cha wakulima. Ni mama wa miaka arobaini na mitatu, anayecheka kwa sauti na kuandika kila kitu. Kwa misimu sita alizunguka nyumba ishirini na tatu akiuliza: mulipanda mbegu gani? Mvua ilinyesha siku ngapi? Mulivuna nini? Majibu yote aliyaweka katika laptop ya zamani aliyoachiwa na mtawa mmoja. Betri yake kubwa ilikwisha kufa, hivyo inawaka tu ikichomekwa kwenye umeme wa sola. Mdogo wake Trésor, anayekaa Goma, alimwekea Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, kwa sababu ni nyepesi kwa mashini ya uzee ule.

Ijumaa moja asubuhi, siku moja kabla ya mkutano wa kuchagua mbegu, aliiwasha. Skrini ikabaki nyeusi, na mstari mmoja mweupe ukimwambia hakuna diski ya kuanzia. Akazima, akawasha tena. Ni vilevile. Akampigia Trésor.

"Diski imekufa, dada. Fanya formatage, ufute yote, uanze upya."

"Nifute misimu sita? Hapana!"

"Basi ingiza ile flashi nilikupa. Iko na Linux yake. Kama diski ingali muzima, utaiona."

Drocella alichomeka flashi. Baada ya dakika mbili picha ikatokea, na diski ikaonekana. Akafungua faili moja. Majina yote ishirini na tatu yalikuwepo!

"Trésor, vitu vyangu viko! Lakini mbona saa inasema tuko mwaka wa elfu mbili na tisa?"

Trésor akacheka. "Njo ile pile, betri ndogo ya ndani! Inalinda saa na mipangilio wakati umeme haiko. Imeisha, mashini imesahau hata namna ya kuanza. Zima, washa, bonyeza F2."

Kwenye ukurasa wa mipangilio, njia ya kuwaka ilikuwa imerudi kwenye ile ya zamani iitwayo Legacy. Drocella aliibadilisha kuwa ile mpya, UEFI, kama Trésor alivyomwelekeza, akahifadhi, na Linux yake ikaja. Alicheza jikoni peke yake. Kisha wingu likafunika kilima, sola ikazima, na alipowasha tena umeme uliporudi, skrini ilikuwa nyeusi kama mwanzo.

Basi akaifungua mashini kutafuta ile pile. Skrubu aliziweka kwenye kisahani, kila moja mahali pake. Chini ya kifuniko akaona pile bapa kama kifungo cha koti, imeandikwa 2032. Sokoni walikuwa na pile za redio tu. Lakini alikumbuka kwamba Papa Edmond, mtengenezaji wa fromaji, yaani jibini, ana mizani ndogo ya kidijitali yenye pile kama hiyo.

"Papa Edmond, naomba pile ya mizani yako."

"Na fromaji nitapima na nini, Mama?"

"Na ile mizani ya mawe, kama baba yako."

Edmond alishika kiuno, akamtazama mke wake Geneviève. Geneviève alikuwa ameshachukua kisu na kufungua mizani. "Beba, Mama Drocella," alisema. "Mawe tunayo mingi."

Pile iliingia barabara. Drocella alipanga saa, akarudisha UEFI, akachomoa waya, akasubiri kidogo, akachomeka. Ikawaka. Akachomoa mara tatu zaidi, kwa furaha tu.

Jumamosi, ukumbini, alichomeka mashini kwenye sola, akaiwasha mbele ya watu wote na kusoma. Maharage yanayopanda juu ya miti, ambayo kila mtu aliyasifu, yalioza misimu minne kati ya sita. Yaliyovumilia misimu yote sita yalikuwa madogo ya manjano, ya Mama Umuhoza, mjane anayekaa nyuma kila mara bila kusema.

"Simama, Mama, tukuone!" Drocella alimwita.

Umuhoza alisimama, kitenge mdomoni, watu wakipiga makofi. "Mimi nilifikiri iko maharage ya bure, haina kazi," alisema. "Basi mukuje Jumatatu kubeba mbegu. Lakini mulete mifuko yenu."