Pumzi ya Mwanahawa

Harufu ya ubani hunibana kifua hadi leo. Wenzangu wakiinusa harusini hufurahi. Mimi hukiona chumba chetu kijijini Sudi, enzi za Mwingereza, na mdogo wangu Mwanahawa anahangaika kutafuta pumzi. Alikuwa na pumu. Kila masika kifua chake kilipiga miluzi, naye alikaa kitako, mabega yamepanda, hata uji hautaki. Bibi, mama yake baba, aliamini kwamba mtoto ameingiwa na upepo mbaya. Dawa yake ilikuwa kufunga dirisha, kuziba nyufa kwa vitambaa na kuweka chetezo chini ya kitanda, ubani ufuke mpaka upepo utoke. Alifanya hivyo kwa mapenzi, akisoma dua huku moshi unamtoa machozi.

Siku ile, baada ya adhuhuri, midomo ya Mwanahawa iligeuka zambarau.

"Mama, nakuomba tufungue kidogo," mama alimwambia bibi, ameinamisha kichwa.

"Ukifungua sasa, mwanangu, utakuwa umemrudishia adui njia."

Kwetu mama mkwe habishiwi. Mama akawa anatazama dirisha, kisha mtoto, kisha dirisha.

Niliposomea uuguzi ukubwani ndipo nilipoelewa, na kuelewa kukaniumiza upya. Hewa hushuka kooni, ikagawanyika katika vijia vyembamba mpaka kwenye vifuko vidogo mno ndani ya mapafu. Ukuta wa kifuko ni mwembamba kuliko utando wa kitunguu, na nyuma yake damu inapita. Hapo damu huacha hewa chafu, ikachukua oksijeni. Kwa mwenye pumu vijia hubana na kujaa ute, na moshi huzidi kuvibana. Damu ya mdogo wangu ilifika kwenye vifuko vile, ikarudi mikono mitupu.

Mwishowe mama alimbeba, akausukuma mlango kwa bega, akatoka naye uani. Huko upepo ulikuwa tele, unapeperusha nguo kambani. Mwanahawa alifumbua kinywa, hakuweza kuuvuta. Alikata roho mapajani mwa mama.

Leo mjukuu wangu akibanwa na pumu huvuta dawa ya kupuliza, na baada ya muda anadai chai. Baada ya siku ile mama hakufunga dirisha lile tena, hata masika, mvua ikamlowesha kitandani. Na kila asubuhi bibi aliingia na vitambaa vyake vilevile, akapiga magoti, akakausha sakafu.